Tulishinda, Tukashuka

Uwanja wa nyasi bandia ukimwagiwa maji hutoa harufu yake ya pekee, si ya mvua wala ya udongo. Ni harufu ya mpira uliolowa, kama tairi jipya lililolala nje kwenye umande. Juzi nilikuwa nikipita nyuma ya shule moja hapa Kingsbury, wasichana wakijiandaa kucheza mpira wa magongo, mitambo ikarusha maji, na harufu hiyo ikanikuta na mifuko ya ununuzi mikono yote miwili. Nikasimama. Mimi mwenyewe sikuwahi kushika gongo hata siku moja. Lakini ndiyo iliyokuwa harufu ya dada yangu Mghoi akirudi nyumbani Jumamosi jioni, na harufu ya koti la Baba, ambaye alikuwa akisimama pembeni mwa uwanja mchezo mzima akipiga kelele kwa Kiswahili ambacho hakuna mzazi mwingine aliyekielewa: "Inama, mama! Inama! Gongo chini!"

Baba alijifunzia mchezo huo Nairobi, katika timu ya idara aliyofanyia kazi kabla ya kuja huku kwa Waingereza kuendesha basi. Mghoi alirithi mgongo wake. Wachezaji wengi wakichoka husimama wima. Mghoi akichoka ndipo anainama zaidi. Mgongo huo ndio uliompeleka Amerika, kwenye chuo kilichomsomesha kwa sababu ya gongo lake, akatuacha na kitanda kitupu na mabango ukutani.

Msimu ninaotaka kuusimulia ulikuwa wake wa mwisho chuoni. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi, na Baba alikuwa ameshaacha basi. Figo zake zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki gari la hospitali lilimchukua mlangoni, akaketi saa nyingi damu yake ikitoka, ikisafishwa, ikirudishwa. Safari ya Amerika haikuwezekana tena, na hakuizungumzia. Alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka waziwazi kama mtoto anavyotaka baiskeli: kuuona uso wa Mghoi akicheza.

Nieleze, maana wa rika letu tumezoea kuona kila kitu kwenye simu. Michezo ya kawaida ya chuo cha Mghoi ilipigwa picha na kamera moja iliyofungwa mlingotini mbali. Kwenye kompyuta yetu wachezaji walionekana kama mchwa wenye miguu ya rangi. Baba alimtambua mwanawe kwa ule mgongo tu. "Yule pale, yule anayeinama." Miaka yote ya chuo hakuwahi kumwona kinywa kikihema, wala jasho, wala jicho linapoufuata mpira. Lakini kulikuwa na mashindano ya taifa ya vyuo mwishoni mwa msimu, na hayo yalionyeshwa kwa kamera nyingi, kila uso ukaonekana. Timu ya Mghoi haikuwahi kuyafikia. Mwaka huo ilikuwa karibu.

Sasa, kuingia huko kulitegemea hesabu. Nitaieleza polepole, na mtu asiogope, mimi niliielewa nikiwa darasa la watoto. Anayechukua ubingwa wa ligi yake huingia moja kwa moja. Timu ya Mghoi ilishaupoteza ubingwa kwa bao moja mwanzoni. Wanaobaki hupangwa kwa hesabu, wa juu wakachukuliwa, wa chini wakaenda nyumbani. Baba alinifundisha hesabu hiyo kwa chapati. Aliiweka kwenye sahani, akaikata kwa kisu vipande vinne sawa.

"Kipande hiki kimoja," akasema, "ni ushindi wako mwenyewe. Umecheza mara ngapi, umeshinda mara ngapi. Umeelewa?"

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba nimeelewa. Sisi watoto wa huku tulisikia Kiswahili tukajibu kwa Kiingereza, na Baba aliendelea na Kiswahili chake kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Vipande hivi viwili ni ushindi wa wale uliocheza nao. Si walipocheza na wewe, hapana. Walipocheza na wengine. Kama umekutana na watu hodari, unapata nyama. Kama umekutana na watu wanaoshindwa kila siku, vipande vinakuwa vikavu. Na hiki cha mwisho ni cha wale waliocheza na uliocheza nao."

"Kwa hiyo chapati ni ya nani?" nikauliza.

Baba alicheka mpaka akashika ubavu. "Hilo ndilo swali! Robo tu ni yako, mama. Robo tu."

"Baba Mghoi, acha kuchezea chakula," Mama akasema kutoka kwenye sinki, bado na sare yake ya kazi, maana alikuwa akitoka kuwatunza wazee wa watu.

Jumapili jioni alikuja Mzee Jayant, mwenye duka la nafaka na viungo kwenye barabara kuu. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Nakuru, akadaka mipira ya magongo ujanani mwake, na alibisha mlango wetu akiwa na mfuko wa muhogo wa kukaanga uliolowesha karatasi kwa mafuta. Yeye na Baba walitukanana kama ndugu.

"Nyinyi nani aliwafundisha kushika gongo? Si sisi?"

"Mlitufundisha vizuri, bwana. Ndiyo maana tuliwafunga."

"Mimi hujanifunga! Wewe ulikuwa unapiga mpira unaenda kwa watazamaji. Mama mmoja alikuwa anauza njugu, ulimpiga mguu."

"Huyo alikuwa amesimama golini, Jayant. Alidaka kuliko wewe."

Sikuyajua majina ya vyuo vya Amerika, kwa hiyo niliziita timu kwa rangi za fulana. Mghoi alikuwa Mwekundu. Kulikuwa na Zambarau, waliowafunga Wekundu lile bao moja. Kulikuwa na Kijani, ambao Wekundu waliwapiga katika mchezo wa kwanza kabisa wa msimu, na ambao baadaye waligeuka kuwa hodari. Baba aliwapenda Kijani karibu sawa na timu ya mwanawe. Kila Kijani waliposhinda huko mbali, vile vipande viwili vya chapati yetu vilinona. "Wanatufanyia kazi," alisema, "na hawajui."

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo nadhani lingetokea nyumbani kwetu tu. Mama alikuwa na ushirika wa maombi, wanawake waliotoka nchi moja na sisi, waliokutana kwetu Jumapili baada ya ibada, wengine wakitoka mbali kama Ilford, upande wa pili wa jiji. Walikuwa wakiomba kwa sauti, wamesimama, viatu vikipiga zulia. Jumapili hiyo Mama aliitoa haja ya Mghoi, na wanawake wakaichukua kwa nguvu zote.

"Bwana, kila gongo litakaloinuka juu ya Mghoi, livunjike!"

"Livunjike!"

"Kila timu iliyojipanga mbele yake, tangu mwanzo wa msimu hata mwisho, ianguke!"

"Ianguke!"

"Isiinuke tena!"

Baba alitokea mlangoni mwa jikoni akiwa ameshika taulo. Sikuwahi kumwona akikatiza maombi.

"Mama Mghoi, samahani. Wapendwa, samahani. Msiwaangushe wote."

Mwanamke mmoja akafungua jicho moja.

"Wale wa fulana za kijani muwaache wasimame. Tulishawapiga. Sasa tunawahitaji washinde. Wakianguka, wanaanguka na Mghoi."

"Baba Mghoi," yule wa jicho moja akasema, "yaani tuwaombee maadui?"

"Si imeandikwa?"

Wanawake walicheka wakapigana mabega. Mama hakucheka. "Imeandikwa," akasema, "lakini si kwa mpira. Rudi jikoni." Wakaendelea pale walipoachia, na nadhani walimwangusha kila mtu hadi rangi ya mwisho.

Mimi niliyachukua maneno ya Baba kwa uzito ambao hakuna mtu mzima aliyeuona. Nilianza kuwaombea Kijani chini ya blanketi, kwa Kiingereza, ili maombi yangu yasigongane na ya Mama njiani. Na nikaichukua ile chapati nikaipeleka mahali ambapo Baba hakuipeleka.

Kwenye chumba cha mashine za damu hospitalini, kiti cha dirishani kilikuwa cha mzee mmoja wa Jamaika, Mista Desmond. Yeye na Baba walibishana saa zote za kusafishwa damu, kriketi dhidi ya magongo, na Baba akirudi alitupa matokeo kama mtangazaji. "Leo nimemfunga Desmond mawili kwa moja." Au: "Leo ameniweza, nilikuwa na usingizi." Kwa akili ya mtoto, hilo halikuwa na utata wowote. Kule hospitali Baba alikuwa na ligi. Kulikuwa na viti, kila kiti na mtu, na watu hao walikutana tena na tena. Hivyo kulikuwa na hesabu mahali fulani, na daktari fulani aliyeikata vipande vinne, na wa juu walichukuliwa wakapona.

Kisha Alhamisi moja Baba alirudi bila matokeo. Alivua koti taratibu. "Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu," akamwambia Mama. "Desmond hatakuja tena." Mama alimshika nyuma ya shingo, wakabaki hivyo.

Jioni ile Baba alikuwa mezani na kompyuta, akitazama michezo iliyobaki, nami nikajisogeza kando yake nikauliza, kwa uangalifu, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine: "Baba, mtu uliyekutana naye mara nyingi akishindwa kabisa, wewe pia unashuka?"

Hakuinua macho. Alidhani nauliza kuhusu Kijani. "Unashuka, ndiyo. Si sana kwa mmoja. Lakini wakishindwa wengi uliokutana nao, basi, hata wewe ukishinda kila siku haikusaidii."

Nilienda kulala nikavipitia vile viti kimoja kimoja, kadiri alivyowahi kutusimulia. Mama wa Kisomali aliyelala tu. Kijana mwembamba aliyekataa kula. Mwanamume aliyekatwa mguu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akishinda.

Jumapili ya mwisho wa msimu Wekundu walicheza na Weupe, timu iliyokuwa mkiani mwa ligi. Mzee Jayant alifika na muhogo wake. Mama alikaa kwenye ukingo wa kochi, mikono kati ya magoti. Kwenye kompyuta mchwa wekundu waliwazunguka mchwa weupe tangu mwanzo. Mabao yalikuja moja baada ya jingine, na la mwisho alilipiga yule anayeinama. Mama aliruka, akapiga kigelegele ambacho jirani wa juu alikijibu kwa kugonga sakafu.

"Mama Mghoi, hii ndiyo maombi!" Jayant alipaza sauti. "Mimi nitaleta duka yangu hapa muiombee!"

Baba hakuwa akishangilia. Alishafungua ukurasa mwingine, ambako Kijani walikuwa wakicheza na Zambarau. Huko hakukuwa na picha, ni namba mbili tu zilizobadilika zenyewe. Bao moja kwa bao moja. Tulikaa tukizitazama kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Muhogo ulipoa. Kisha namba ya Zambarau ikawa mbili, na haikupita muda wakaandika kwamba mchezo umekwisha.

"Lakini sisi tumeshinda," Mama akasema.

"Tumeshinda," Baba akasema. "Tukashuka."

Alimweleza bila kuinua sauti, akichora kwa kidole juu ya meza. Kijani wameanguka, na vile vipande viwili vimekonda. Na hawa Weupe tuliowapiga leo karibu hawajamshinda mtu yeyote msimu mzima. Kuwapiga kumetuongezea kidogo kwenye robo yetu, na kukutana nao kumetupunguzia zaidi kwenye ile nusu. Wingi wa mabao hauhesabiwi. Jana tulikuwa juu ya mstari wa wanaochukuliwa. Leo nadhani tuko chini yake.

"Mtu anashinda, anashuka?" Jayant alisimama, makombo yakimwanguka kifuani. "Bwana, hii hesabu iko ya wezi! Hata kura za kwetu zilikuwa na aibu kidogo."

"Si wezi, Jayant. Ni hesabu tu."

Majina yalitangazwa nikiwa nimelala. Asubuhi sikuhitaji kuambiwa. Baba alikuwa mezani na simu sikioni, na sauti ya Mghoi ilisikika hadi nilipokuwa nimesimama na soksi moja. Alikuwa akilia, akisema kwa Kiingereza kwamba walifanya kila walichotakiwa kufanya.

"Najua, mama. Hukukosea mahali popote."

Mghoi akasema kitu.

"Hapana, mngefungwa mngeshuka zaidi. Kushinda kulikuwa sawa. Ni kucheza nao tu ndiko kulikowashusha."

Kisha Mghoi aliuliza, kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa ameitumia tangu alipokuwa mdogo kuliko mimi: "Kwa hiyo hakukuwa na la kufanya?"

Baba alipenda kueleza. Alieleza kodi, alieleza mvuke kwenye kioo cha basi, alieleza kwa nini mwezi hutufuata. Nilimwona akilitafuta jibu lolote lenye mlango wa kutokea. "Hakukuwa," akasema.

Siku iliyofuata gari la hospitali lilikuja kama kawaida, na mimi nikasimama mbele ya mlango. Sikulia. Nilikuwa na hoja. Nilimwambia Baba asiende tena kule, kwa sababu wale watu wa vitini wanashindwa wote, na kukutana nao tu kunamshusha, amesema mwenyewe. Atafute hospitali yenye watu wanaoshinda.

Nikaona jambo linafika usoni pake polepole, akiunganisha maneno yangu tangu ile jioni ya Alhamisi hadi hapo. Dereva alipiga honi. Baba aliketi kwenye ngazi na koti lake, akanivuta katikati ya magoti yake.

"Sikiliza. Kule si ligi. Nilikuwa nikitania. Kila mtu pale ana damu yake na mashine yake. Desmond hakunishusha hata kidogo. Siku nyingine Desmond ndiye aliyenifanya nipande lile gari."

"Kwa hiyo wewe unapanda?"

Angeweza kusema ndiyo. Mama angesema ndiyo, na wanawake wote wa ushirika wangeitikia. Lakini Baba alikuwa amenifundisha hesabu, na nadhani aliona kuwa sitakubali jibu lisilotimia.

"Hapana, mama. Mimi nashuka. Lakini si kwa sababu ya mtu."

Akaniondoa mlangoni kwa mikono miwili, taratibu, kama anayehamisha kiti, akatoka. Sikumwuliza tena, na yeye hakurudia. Hakuuona msimu mwingine.

Mashindano ya taifa yalianza mwishoni mwa juma lile. Mama alisema tusiyafungue, ya nini kujichoma. Baba aliyafungua. Mzee Jayant hakuja. Nilikaa ubavuni mwa Baba, na alichokuwa ametuambia msimu mzima kilikuwa kweli: picha ilikuwa safi kupita kiasi. Uliona matone ya maji yakiruka gongo likipita kwenye nyasi. Uliona msichana akilamba mdomo kabla ya kupiga. Uliona mwingine amekosa, akafumba macho, akayafumbua. Zilikuwa timu mbili ambazo hatukuwa na habari nazo.

"Pale," Baba akasema, akaweka kidole kwenye kioo, upande wa kushoto, nyuma, palipokuwa na nyasi tupu. "Angekuwa pale."

Mpira ulipohamia upande mwingine, kidole chake kikapanda taratibu. Ulipopotea, kikarudi nyuma haraka. Kulikuwa na mlinzi halisi wa kushoto, msichana mrefu mwenye nywele zilizosukwa, lakini Baba hakumfuata huyo. Alimfuata mwingine, aliyekuwa amejipanga vizuri zaidi, aliyekuwa ameinama. Sikucheka, wala sikumwuliza. Tulitazama hivyo kipindi chote cha kwanza, Mama akipita nyuma yetu na nguo za kuanika, akisimama, akienda.

Kipindi cha pili mkono ulianza kumchoka. Ulikuwa mkono ule wa sindano za mashine, uliovimba pale kiwikoni. Aliushusha mapajani. Kisha akachukua kidole changu, akakiweka pale kwenye kioo alipokuwa ameachia, na mimi nikaendelea kumfuata.